Mashine Inapima Gunia, Nyumba Inapimwa na Nani?

Barua ya wazi kwa Gavana wa Jimbo la Lualaba

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia kutoka komini ya Manika, Kolwezi, habari ya vumbi. Najua mezani kwako pamejaa mambo yanayopiga kelele zaidi: malori yanayokwama barabarani, ugomvi wa makampuni na wachimbaji, bei ya kobalti, umeme unaokatika. Lakini ninachoomba kinalipika, na chombo chake kimekwisha kuwapo mjini, tena kwa wingi.

Nenda Musompo siku yoyote ya kazi. Mchimbaji anafika depo na gunia lake la heterogenite, mawe yenye kobalti. Mnunuzi anachota kidogo, anasaga, anatia kwenye kimfuko cha nailoni, kisha anakigusisha mdomo wa mashine inayoshikwa mkononi kama kikaushio cha nywele cha saluni, anabonyeza. Mashine inatupa miale ya eksirei, kila metali inaijibu kwa nishati yake yenyewe, na kabla dakika haijaisha kioo kimeandika: kobalti asilimia fulani, shaba asilimia fulani. Watu wanaiita Metorex, hata iliyotengenezwa na kampuni nyingine. Hakuna anayeiamini. Kila mchimbaji atakuapia kwamba imefundishwa kusema uongo kwa faida ya mwenye depo. Hata hivyo wote wanasimama kuisubiri, kwa kuwa namba yake ndiyo inayoamua kama jioni nyumbani kutapikwa bukari na samaki au bukari na majani ya mihogo.

Katika nchi nyingine mashine za aina hiyo hiyo zinatumika kupima risasi kwenye rangi za kuta za nyumba kuukuu, na metali kwenye udongo wa viwanja vya shule. Katika mji wetu wenye mashine nyingi kiasi hiki za kutambua kobalti, sijaona hata siku moja, ukutani pa shule wala pa ofisi ya komini, karatasi inayosema kuna kobalti kiasi gani katika vumbi la chumba anacholala mtoto wa mtaa wa Kasulo.

Niruhusu niende mbali kidogo kabla ya kurudi Kasulo.

Ulaya na Marekani wana mjadala wa miaka ishirini na zaidi ambao, ukiuangalia vizuri, nao ni wa vumbi. Unahusu nanoteknolojia, yaani ufundi wa kutengeneza vitu kwa chembe zinazopimwa kwa nanomita. Nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita elfu themanini hivi. Chembe za namna hiyo zimo katika krimu za kukinga jua, katika soksi zinazotiwa madini ya fedha ili zisinuke, katika rangi za ukuta, katika vifaa vya simu. Metali ikisagwa mpaka ikafikia udogo huo, sehemu yake inayogusana na hewa au maji inaongezeka mno, na kitu kilichokuwa kimetulia kinachangamka. Mwenye kiwanda anaipenda tabia hiyo. Daktari inamtia wasiwasi, kwa sababu chembe ndogo inashuka hadi mwisho wa mapafu, pale hewa inapokutana na damu. Mwaka 2004 Royal Society, chama kikongwe cha wanasayansi wa Uingereza, pamoja na akademia ya wahandisi wa nchi hiyo, walitoa ripoti ya kushauri tahadhari mpaka chembe hizo zijulikane vyema.

Kisha wakaja watu wa kupima woga wenyewe. Mwaka 2007 Dietram Scheufele na wenzake walichapisha matokeo ya kuwauliza Wamarekani wa kawaida na wanasayansi wa nanoteknolojia maswali yale yale. Tumezoea kwamba wataalamu hutulia na wananchi huogopa, kama ilivyo kwa umeme wa nyuklia. Safari hii, katika mambo mawili, uchafuzi wa mazingira na maradhi mapya, wanasayansi ndio waliokuwa na wasiwasi zaidi. Wananchi walihofia zaidi kazi zao kupotea na siri zao kuvuja.

Ukiyasoma hayo ukiwa Kolwezi, watu hao unawajua. Mwananchi anayehofia kazi yake ni kijana mchimbaji wa Kapata mwenye koleo na taa ya kichwani. Mwanasayansi anayehofia maradhi ni profesa wa Lubumbashi mwenye vichupa vya mkojo wa kupimwa kobalti.

Niseme wazi: vumbi letu si nano za kiwandani. Ni mchanganyiko, chembe kubwa na ndogo, udongo, shaba, kobalti, manganizi, mara nyingine uranium kidogo, pamoja na moshi wa dizeli wa malori ambao ndio wenye chembe za udogo wa nano hasa. Ila swali ni lile lile: kitu kigumu kilichosagwa kinafanya nini ndani ya mwili, na nani ana sababu ya kulijali hilo?

Ulaya wana sababu zao. Ufaransa ilipiga marufuku tangu 2020 unga mweupe wa titani uliokuwa ukitiwa kwenye peremende na keki, na Umoja wa Ulaya wote ukafuata mwaka 2022. Umoja huo huo umeiandika metali ya kobalti katika orodha ya vitu vinavyodhaniwa kuleta saratani kwa binadamu, na mwaka 2022 idara ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kobalti katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinaleta saratani. Mfanyakazi wa kiwanda cha betri huko anavaa vazi la kumfunika mwili mzima. Mwenye simu mfukoni hana haja ya vazi lolote. Kobalti yake imefungwa ndani ya betri na haimgusi. Simu inamfikia ikiwa safi kwa sababu uchafu wake ulibaki njiani, na sehemu kubwa ya njia hiyo inapita Lualaba.

Sasa nirudi kwetu, maana hapa kila mtu ana hatari yake anayoiona, na mara nyingi haoni ya mwenzake.

Mchimbaji kwanza. Sheria inasema shimo lake lisizidi mita 30, na kila mtu anajua linazidi. Muulize anaogopa nini. Atakuambia udongo kuporomoka. Atakuambia hewa kukatika kule chini jenereta ikizimika. Atakuambia walinzi na mbwa wao, askari, deni la mfadhili aliyemnunulia chakula na kamba. Ana haki. Juni 2019 wachimbaji 43 walifukiwa ndani ya eneo la mgodi wa KCC. Tarehe 15 Novemba 2025 pale Kalando daraja lililotengenezwa kwa haraka liliangukia shimo lililojaa maji, wakafa watu wasiopungua 32. Vumbi kwake liko mwisho wa orodha, chini hata ya kodi ya nyumba.

Wageni wanaotutembelea hulitaja jambo hilo kama ujinga, na hapo ndipo ninapokataa. Paul Slovic, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeandika mwaka 1987 kuhusu jinsi watu wanavyoona hatari, alionyesha kwamba mwananchi hapimi kwa idadi ya vifo peke yake kama mtaalamu. Anapima pia jambo linavyotisha na lilivyojificha. Mchimbaji wetu anapima kwa mizani ya tatu: lini. Shimo linaua leo mchana. Njaa inaua mtoto mwaka huu. Kifua kinabana baada ya miaka kumi na mitano, kama utafika. Mtu aliyepanga hivyo hatari zake hajakosea hesabu.

Na dawa za vumbi anazo, za kwake. Wengi huamini kwamba maziwa husafisha kifua, na wakipata chochote hununua pakiti moja wanapopanda juu. Wengine hutumia lutuku, kwa imani kwamba pombe kali huchoma vumbi. Hapa wenye dawa hii wangefaa kusimuliwa habari ya jiji la Quebec, Kanada. Miaka ya 1960 watengenezaji wa bia walitia chumvi ya kobalti kidogo kwenye bia ili povu lisimame vizuri. Mwaka 1965 na 1966 hospitali za jiji hilo zilianza kupokea wanywaji wakubwa wa bia ambao mioyo yao imevimba na kushindwa kusukuma damu. Wagonjwa walizidi 40, na karibu nusu yao walikufa. Kiasi cha kobalti kwenye bia peke yake kilionekana kidogo mno kuweza kuua, na madaktari waliona kwamba wengi wa wale watu walikuwa wakinywa bila kula vizuri. Nimewahi kuisimulia hadithi hiyo kwa vijana wa depo, nao walisikiliza kuliko wanavyosikiliza semina yoyote, labda kwa sababu ilikuwa na bia ndani yake.

Akina mama wanaona kingine. Wao hawashuki shimoni. Katika machimbo mengi wanazuiwa kwa imani kwamba mwanamke akiingia madini yanakimbia. Wanaosha mawe kando ya maji, magoti ndani ya tope, mtoto mgongoni. Wanachambua, wanabeba, wanafagia vumbi ambalo mume amerudi nalo kwenye nguo zake. Woga wao una jina moja: uranium. Mimba ikiharibika, mtoto akizaliwa na kasoro, neno hilo ndilo la kwanza kutamkwa. Mwaka 2020 jarida la Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanyika Lubumbashi juu ya watoto waliozaliwa na kasoro zinazoonekana kwa macho. Uliona kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi pale baba alipokuwa na kazi ya madini. Baba, Mheshimiwa, wakati mtaani lawama zote anabebeshwa mama. Idadi ya watoto haikuwa kubwa na utafiti mmoja haufungi mjadala, lakini mama wa Kanina aliyeachwa na mumewe kwa kosa la tumbo lake angestahili kuusikia kwa lugha anayoielewa.

Mhandisi wa kampuni hatari anaijua kwa kitabu. Ana kipimo cha vumbi kazini, ana barakoa ya namba maalumu, ana kibao langoni kinachohesabu siku zilizopita bila ajali. Mambo hayo ni mazuri na natamani yangeenea. Ila kitabu chake kinaishia kwenye uzio, na upepo wa Agosti hausomi vibao.

Mnunuzi wa mbali naye, mwenye chapa ya simu au ya gari, tangu ripoti ya Amnesty International ya Januari 2016 anaogopa picha: mtoto mwenye gunia kichwani na nembo ya kampuni pembeni yake. Kwa woga huo wamejenga mifumo ya kufuatilia asili ya kila gunia. Mtoto asiyebeba gunia, anayecheza tu uwanjani kwao Kasulo, mifumo hiyo haimwoni, kwa sababu hayumo katika mnyororo wa biashara. Yeye si mfanyakazi. Anapumua tu.

Na serikali? Nitasema kwa heshima, lakini nitasema. Novemba 2018 kampuni yenye mgodi wa KCC ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa kuwa uranium iliyokutwa ndani yake ilizidi kiwango kinachokubaliwa katika bandari kubwa za Afrika. Kampuni ilisema mionzi ilikuwa ya chini na haikuwa hatari kwa afya. Inawezekana kabisa. Ninachokiona mimi ni kwamba bandari ilikuwa na namba yake ya kukataa mzigo, na namba hiyo ikaheshimiwa. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti ya nchi nzima kwa sababu bei ilikuwa imeporomoka. Baadaye ikaongeza muda, na tangu Oktoba ikaweka mgao kwa kila kampuni. Dunia nzima ilisikia. Nchi inayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilifunga mlango kwa sababu ya hatari ya bei, na mlango ulifungika kweli. Nguvu ya kuchukua hatua ipo, na imekwisha kutumika kwa ajili ya bei.

Novemba ya mwaka huo huo, maji machafu ya kiwanda yalipofurika mtaani Annexe kule Lubumbashi, waziri alikisimamisha kiwanda ndani ya siku chache. Maji yanaonekana, yanapigwa picha. Vumbi linakaa juu ya kabati, mama analifuta, kesho limerudi.

Sasa semina. Kila mwaka tunaletewa watu wa kutuhamasisha. Wanakuja na fulana, na mabango, na maji ya chupa, wanatuambia vumbi ni baya, tuvae barakoa, tunawe mikono. Nia yao ni njema. Dhana iliyo nyuma yake ni kwamba tukipewa habari wote tutaiona hatari kwa jicho moja. Dan Kahan na wenzake waliijaribu dhana hiyo kwa Wamarekani, wakachapisha matokeo mwaka 2009, tena kwa habari ya nanoteknolojia ambayo wengi wa waliohojiwa hawakuwahi kuisikia. Walipowapa watu maelezo yale yale, yenye faida na hatari kwa usawa, watu hawakukaribiana. Waligawanyika zaidi, kila mmoja akielekea upande wa mambo anayoyathamini maishani. Kama ndivyo kwa watu waliokaa kwenye kiti wakijaza karatasi, itakuwaje kwa mtu ambaye chakula chake kinatoka ndani ya hilo shimo analoambiwa ni baya? Atakusikiliza kwa adabu, atachukua fulana, kesho atashuka.

Maneno hayatatukutanisha. Mahali pekee nilipoona mchimbaji, mnunuzi, Mchina mwenye depo na mtoza kodi wakiinama pamoja juu ya kitu kimoja ni mbele ya kile kioo cha mashine. Wanagombana, ndiyo, lakini wanagombania namba, na namba inaweza kupimwa tena kwa mashine nyingine. Ndiyo maana siombi uhamasishaji. Naomba namba za nyumba zetu.

Na hizo namba zikipatikana huwa zinaenda wapi? Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na wenzao, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga. Kobalti waliyoikuta ilikuwa nyingi kuliko iliyowahi kuripotiwa popote duniani kwa watu wa kawaida. Kati ya watoto wanaokaa chini ya kilomita tatu kutoka mgodini au kiwandani, 87 katika kila 100 walipita alama ya tahadhari inayotumiwa Marekani kwa mfanyakazi mtu mzima. Mwaka 2018 kundi hilo lilichapisha habari za Kasulo yenyewe: wakazi wake walikuwa na kobalti nyingi zaidi katika mkojo na damu kuliko watu wa mtaa wa jirani, tofauti ikawa kubwa zaidi kwa watoto, na kwa watoto hao zikaonekana dalili za madhara katika chembe za urithi. Kazi hiyo ni ya heshima na ilifanywa na watu wetu pamoja na wageni. Ilichapishwa kwa Kiingereza. Mama aliyetoa mkojo wa mwanawe anaongea Kiswahili cha Kolwezi, na shuleni alisoma Kifaransa kidogo.

Lakini kuna jambo ambalo watafiti hawakulazimika kulijibu, na wewe ukikubali ombi langu utalazimika. Watu wa hapa wanaogopa kupimwa kuliko wanavyoogopa vumbi.

Kumbuka Kasulo. Mwaka 2014 mkazi mmoja alichimba kwenye uwanja wake akakuta madini, na habari ikaenea. Haukupita muda, mtaa mzima ukawa mashimo: ndani ya vyumba vya kulala, chini ya jiko, kando ya choo. Watu walipasua sakafu zao wenyewe kwa mikono yao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikapewa kampuni, familia zikalipwa zikahama, ukuta ukajengwa kuzunguka eneo. Wapo waliosema walipata cha kuanzia maisha, wapo wanaolalamika mpaka leo kwamba walichopewa hakikutosha hata kiwanja. Katika Cité Gécamines, karibu na mgodi wa COMMUS, nyumba za watu zimekuwa zikibomolewa mgodi ukipanuka, na Amnesty International iliandika juu ya hilo Septemba 2023. Kwa hiyo mtu akibisha hodi na mashine mkononi, mwenye nyumba hajiulizi habari ya mapafu. Anajiuliza: namba ikiwa kubwa, wataniambia kwamba hapa si pa kuishi watu? Na wakishasema hivyo, je, hawatakuja kuchimba wao?

Ni swali la mtu mwenye akili timamu. Udongo wenye kobalti ya kumdhuru mtoto mara nyingine ndio udongo wenye kobalti ya kumtajirisha mwekezaji, na mashine haisemi kwa kusudi gani imepima. Ukipuuza hofu hii utapata nyumba zilizofagiliwa usiku wa kuamkia upimaji, au milango iliyofungwa.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni karatasi, kabla ya mashine. Tia sahihi agizo la jimbo linalosema kwamba vipimo vya vumbi la nyumbani havitatumika kamwe kuwa sababu ya kumhamisha mtu, wala havitapewa kampuni yenye kibali cha kutafuta au kuchimba madini, na kwamba mwenye nyumba ndiye mwenye namba yake. Agizo hilo lisomwe redioni kwa Kiswahili, kwa sauti yako mwenyewe, mara nyingi, mpaka watoto walikariri.

Baada ya hapo mashine. Anza na shule, kwa sababu shule haina mwenye nyumba anayeogopa kuhamishwa. Chukua shule za msingi za Kasulo, Kanina, Kapata, Musonoi na Luilu, na ili tuwe na cha kulinganisha, chagua nyingine mbali na migodi. Pima vumbi la madirishani na udongo wa uwanjani mwezi Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, kisha mwezi Agosti, kiangazi kikiwa kikali. Mashine ya depo haitatoa jibu la mwisho. Mahali penye chuma kingi kobalti inaweza kufichika kidogo, na uranium inataka uangalifu wake. Itatoa makadirio ya kwanza, na sampuli zenye shaka zitumwe maabara ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Wenye depo waambiwe kwamba sehemu ya masharti ya kibali chao ni kuazima mashine siku moja kwa mwezi. Watalalamika. Walalamike.

Matokeo yabandikwe kwenye mlango wa darasa, kwa namba zinazosomeka, pamoja na namba ya kulinganishia. Bila hiyo ya pili mzazi ataona 400 au 4,000 asijue alie au acheke.

Tena pasiwepo na kupima kusikofuatwa na ndoo ya maji. Watoto wadogo vumbi wanalila zaidi kuliko wanavyolivuta. Linaingia kwa mikono, kwa vidole, kwa embe lililoanguka chini likafutwa kwenye kaptura. Dawa yake ya kwanza ni maji na sakafu inayooshwa. Mtaa ambao maji ya bomba hayafiki, mama anachagua kati ya kupika na kupiga deki. Mahali namba itakapokuwa kubwa, bomba lifike hapo kwanza, sakafu ya saruji imwagwe darasani, na kuwe na sehemu ya baba kuvua nguo za kazi na kunawa kabla hajamshika mtoto. Barabara za malori zinazopita kati ya nyumba zimwagiwe maji kila siku wakati wa kiangazi, hata siku ambazo hakuna mgeni wa kutoka Kinshasa.

Fedha zipo, na hili nalisema bila kupepesa. Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 imeligawia jimbo asilimia 25 ya mrabaha, na komini na sekta asilimia 15, na kobalti kama madini ya kimkakati inatozwa mrabaha wa asilimia 10. Juu ya hiyo, kila kampuni inayochimba inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Mashine moja haifiki bei ya gari moja la msafara wa ofisi yoyote ninayoijua.

Jambo la mwisho ni la nani atakayeshika mashine. Usiwape wageni peke yao, wala watu wa idara peke yao. Wachague vijana wawili waliowahi kufanya kazi depo, wanaozijua hila zote za mashine hizo: jinsi ya kuigusisha pembeni ili namba ishuke, jinsi ya kuchagua jiwe zuri ili ipande. Mdanganyifu aliyestaafu ndiye mkaguzi bora. Awepo mwalimu wa kemia, awepo muuguzi wa kituo cha afya, na awepo mama mmoja kati ya wanaoosha madini, ambaye kazi yake itakuwa kuonyesha mahali pa kupima. Yeye anajua vumbi linakaa wapi ndani ya nyumba. Amelifagia maisha yake yote.

Jibu lako, Mheshimiwa, naomba lisije kwangu kwa barua. Litoe redioni jioni, saa ambayo wachimbaji wamerudi na akina mama bado wako jikoni, ili kila mmoja alisikie mbele ya mwenzake. Mvua za Machi hazitungoji, na shule chache hazihitaji kikao cha baraza zima.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa kemia,
Komini ya Manika, Kolwezi